Diski Niliyoiacha Bila Tundu

Mliosoma wiki iliyopita mliniacha nimesimama mlangoni kwa shemeji yangu, mkononi nina mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko diski moja ya kompyuta iliyopaswa kuwa imekufa. Nilimpa. Sasa nieleze yaliyonipata kwa kumpa.

Kwa ambaye hakuwapo, nitasema kwa ufupi. Nafanya kazi kwenye karakana ya kuvunja vyombo vya umeme vilivyochoka. Kwetu hakuna kinachochomwa moto wala kumwagwa mtaroni. Nyaya tunazimenya kwa kisu, betri zilizovimba zinalala kwenye ndoo ya mchanga, vioo vya televisheni vina kreti yao. Na diski, kile kidude kizito ndani ya kompyuta kinachokumbuka kila kilichoandikwa, kinatobolewa kwa drili matundu matatu, hata kiwe kimetoka kwa nani.

Kila mmoja wetu ana waya wake. Diski ukishaitoboa unaitunga kwenye waya kama shanga, na jioni nyapara anahesabu. Zahanati ya mtaa wetu ilipoleta kompyuta kumi na nne, mimi nilipewa nne. Nikatoboa diski tatu. Ya nne nikampelekea shemeji, fundi simu, mume wa dada yangu, ambaye naishi nyumbani kwake. Aliniambia anataka vipuri tu. Kwenye waya wangu nikatunga diski kuukuu niliyoichukua kwenye kreti ya wiki iliyotangulia, tayari ina matundu yake matatu. Hesabu ikatimia.

Nilisema wiki iliyopita kwamba nilifanya hivyo kwa woga. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine niliionea haya.

Shemeji aliniahidi simu. Alikuwa anaiunga mwenyewe kwa vipande vya simu tatu zilizokufa, simu inayosoma ujumbe kwa sauti. Mimi niliacha shule darasa la tano. Nasoma, lakini polepole, na ujumbe wangu wote umepita mbele ya macho ya watu wengine kabla ya kunifikia. Nilipofika mjini, dada alichukua cheti changu cha kuzaliwa akaniandikishe darasa la jioni la watu wazima. Akarudi akasema nafasi zimejaa. Darasa sikulipata, na cheti alibaki nacho yeye. Kwa hiyo niliitaka ile simu kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Basi.

Asubuhi iliyofuata nyapara alikuwa ameshafika kabla yetu. Ni mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kwa waya mwekundu wa redio, na hapandishi sauti hata kidogo. Alikuwa anapita kwenye misumari tunakotundika nyaya zetu, tochi mkononi. Akafika kwenye wangu, wenye kitufe cha bluu cha redio nilichokifunga kama alama. Akasimama hapo.

Akaniita. Akanipa tochi nimshikie.

Alieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni kazi. Tundu la jana, alisema, kingo zake zinang'aa kama kijiko kipya, na ukilipuliza linatoa unga wa chuma. Akapuliza diski ya kwanza, unga ukatoka. Ya pili, unga. Ya tatu, unga mpaka kwenye miwani yake. Akapuliza ya nne. Hakikutoka kitu. Kingo zilikuwa zimefifia, rangi ya sufuria ya zamani.

"Tundu lina umri, mwanangu," akasema. "Hili la wiki iliyopita. Ya zahanati iko wapi?"

Mimi nikiulizwa mbele za watu ulimi unaganda. Nilitazama ndala zangu. Nyuma yangu nikasikia bisibisi zinawekwa mezani, moja baada ya nyingine.

Aliyesema wa kwanza ni Kipaza. Tunamwita hivyo kwa sababu anavunja redio na kwa sababu hahitaji kuambiwa apaze. Alisema alijua tangu siku ya kwanza. Mtu asiyecheka na wenzake wakati wa chai ana jambo anafuga. Mwingine akauliza nimeiuza kwa nani. Mwingine akasema si lazima niseme, nipekuliwe.

Nyapara aliwanyamazisha kwa mkono. Akasema ametia sahihi yake kwenye karatasi ya zahanati, kwamba diski zote kumi na nne zimeangamizwa, namba kwa namba. Kama moja inatembea mtaani, basi magonjwa ya mtaa mzima yanatembea nayo. Kazi yetu yote imesimama juu ya kuaminiwa. Watu wanatuachia mashine zao na yaliyomo ndani bila kugeuka nyuma.

Hapo mama wa friji akanisogelea. Huyo ndiye pekee aliyekuwa akinipa nusu ya mkate wake. Mtu mpole, anafungua friji kuukuu kwa uangalifu kama anamvua mtoto shati.

"Mimi natibiwa pale," aliniambia kwa sauti ndogo. "Hata mume wangu hajui natibiwa nini."

Akatema mate karibu na mguu wangu, akarudi kwenye friji yake.

Wengine walinitukana siku ile, na matusi yao nimeyasahau. Yale mate nayaona mpaka leo.

Nyapara akanipa muda mpaka karakana ifungwe. Nisipoileta, atakwenda zahanati mwenyewe kueleza, na jina atakaloanza nalo ni langu. Akamtuma Kipaza anisindikize, nisije nikapotelea njiani.

Njia nzima Kipaza alizungumza na mimi kupitia watu wengine. Alimwambia muuza vocha kwamba anasindikiza bibi harusi. Alimwambia mwanamke aliyebeba ndoo atupishe, mzigo anaousindikiza ni wa hatari. Kwangu mwenyewe alisema neno moja tu, na hilo lilikuwa "tembea."

Kibanda cha shemeji kiko kwenye kona, kimejaa simu zilizofunguliwa matumbo. Tulimkuta ameinama na chuma cha kulehemu. Nilimwambia, kwa sauti ambayo nadhani hata yeye aliisikia kwa shida, kwamba naomba ile diski.

"Diski gani, shem?" akauliza, hakuinua kichwa.

Nikasema ya jana.

Akamtazama Kipaza, akanitazama mimi, akacheka. Akasema hajapokea kitu kutoka kwangu. Akasema mimi hata kusoma kibao cha choo najikokota, diski ningeijulia wapi. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri wakacheka pia.

Kipaza hakucheka. Mpaka hapo alikuwa adui yangu, na aliendelea kuwa adui yangu, lakini kumbe ana nafasi ya maadui wawili. Akavuta kiti cha mteja, akakaa, akaniambia niende nikatafute mtu wa kuzungumza na shemeji yangu lugha anayoielewa. Yeye atabaki hapo amwangalie.

Mtu huyo alikuwa dada.

Dada yangu anashona sare za shule kwenye chumba chenye cherehani tatu, mtaa wa pili. Nilimkuta peke yake, pini mdomoni. Nikamweleza yote nimesimama, kwa sababu hakuniambia nikae. Nilipotaja karakana aliendelea kushona. Nilipotaja mume wake aliendelea kushona. Nilipotaja zahanati, mguu wake ukaganda kwenye cherehani.

Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Nilihesabu sita.

"Zahanati yetu hii?"

Nikasema hii.

Nilidhani atanipiga. Aliinuka akafunga mlango. Halafu akaniambia jambo ambalo katika miaka miwili ya kulala chini ya dari moja hakuwahi kuniambia. Mnajua kwamba wana miaka sita ya ndoa bila mtoto. Mnajua mama mkwe wake anavyokuja kila mwisho wa mwezi kumkagua tumbo kama mtu anayekagua nyanya sokoni. Basi ni yeye dada asiyetaka. Kila miezi mitatu huchoma sindano ya kuzuia mimba, miaka ya kwanza hospitali ya mbali, siku hizi hapa zahanati. Alisema hawezi kumzalia mwanamume anayemfungia nje akichelewa kurudi kutoka kazini. Mtoto angekuwa kufuli la pili.

Nilitaka kumshika mkono. Alijivuta.

"Sisi ndio tuliokupokea," akasema. "Unakula kwangu, unalala kwangu, unavaa nguo zangu za zamani. Na umemletea mume wangu kisu cha kunichinjia, kwa sababu ya simu."

Nilisema tu kwamba shemeji alitaka vipuri.

"Vipuri," akasema. "Mara mbili amenikuta natoka pale. Mara zote mbili nikamwambia kichwa."

Hapo nikaelewa kwa nini shemeji aliniuliza, wiki ile kompyuta zilipokuja, ni siku gani hasa tutaanza kuzifungua za zahanati. Mimi nilidhani anapenda kazi yangu. Nilifurahi hata.

Dada akazunguka chumba mara mbili. Halafu akaniuliza swali ambalo nililiona la ajabu, nikalipita.

"Akiifungua, atatafuta jina gani?"

Nikasema lako, dada, angetafuta la nani tena. Akanitazama kwa muda, kama anataka kuongeza neno. Halafu akaniambia niende nikailete diski hata kwa meno, nikaitoboe mpaka iwe chujio, na nisithubutu kumwambia mtu yeyote alichonieleza.

Nilirudi nikikimbia. Mbele ya kibanda palikuwa na watu kama kumi.

Kipaza alikuwa amefanya kazi. Kila mteja aliyefika, alimsalimia vizuri, akamuuliza kama ndani ya simu yake mna picha za familia. Mteja akisema ndiyo, alimshauri aichukue arudi nayo nyumbani, kwa sababu fundi huyu huhifadhi vya watu bila kuombwa. Alisema hayo kwa adabu, mikono ameikunja mapajani. Simu nne zilikuwa zimeshachukuliwa na wenyewe bila kutengenezwa.

Shemeji aliponiona, alifungua droo akatoa mfuko wangu wa nailoni.

"Chukua," akasema. "Kidude chenyewe kibovu, hakina hata kipuri." Akanitabasamia. "Usiku mwema huko kazini, shem."

Saa zenyewe zilikuwa saa tisa mchana. Niliona tu ni kejeli, na sikuwa na muda wa kuipima. Nilikuwa na diski mkononi. Nilipima uzito wake, ni ileile. Niliona mkwaruzo pembeni niliouacha mwenyewe na bisibisi, ni uleule.

Karakana yote ilisimama kutazama. Nyapara alisoma namba kwenye kibandiko, akailinganisha na karatasi ya zahanati tarakimu kwa tarakimu, kidole chake kikitembea chini ya kila moja. Akaafiki. Akanipa drili mwenyewe.

Nikatoboa tundu la kwanza, na chuma kikalia. Nikatoboa la pili. La tatu nililiegemea kwa kifua changu chote, unga ukaruka ukaniingia machoni, nikalia humohumo kwenye unga na hakuna aliyejua kipi ni kipi. Nikaongeza la nne na la tano. Nyapara akanishika bega akasema imetosha, mwanangu, imeshakufa.

Kwetu karakanani tundu ndilo mwisho wa maneno. Kompyuta ikija na siri za benki, ikija na barua za mapenzi, ikija na majina ya wagonjwa, sisi tunatoboa na tunakwenda kunywa chai. Hakuna hata mmoja wetu, kuanzia nyapara mpaka Kipaza mwenye maneno yake, aliyeuliza siku ile swali moja dogo. Diski ilikuwa imelala kwa fundi usiku mzima. Alikuwa akiifanya nini?

Nyapara alinisamehe nusu. Kesho ningerudi, alisema, lakini kwenye kumenya nyaya, mbali na kompyuta. Mama wa friji hakunitazama. Kipaza aliniambia bado hanipendi. Nilitoka pale mwepesi kama mtu aliyepona homa. Nilipita kwa dada, nikamfanyia ishara mlangoni kwa vidole vitano, nikimaanisha matundu matano. Akafumba macho akashusha pumzi.

Tukarudi nyumbani pamoja. Jua lilikuwa halijazama.

Shemeji alikuwa ametutangulia. Hilo peke yake halikuwa kawaida. Alikuwa mezani, ameoga, amevaa shati safi, na mbele yake ile kompyuta yake ndogo ya kazini. Akamvutia dada kiti. Mimi akanionyesha kigoda.

Alianza na dada, kwa upole ambao sijawahi kuusikia mdomoni mwake. Alisema kuna jambo anataka kumwomba radhi. Kwa mwaka mzima amekuwa akimshuku. Mama yake alimtia maneno masikioni, kwamba mwanamke asiyeshika mimba miaka sita lazima ana namna. Naye akaamini. Akaitafuta ile diski, akainakili yote kwenye kompyuta yake usiku uleule ilipofika, kwa muda wa saa mbili tu kazi imekwisha.

"Mmetoboa bati tu, shem," aliniambia. "Yaliyomo yako hapa."

Nilimtazama dada. Uso wake ulikuwa umekauka kama kitambaa kilichopigwa pasi.

Shemeji akaendelea. Amelitafuta jina la mke wake kutoka juu mpaka chini. Halipo. Hana kadi pale, hana sindano, hana chochote. Ni kweli alikuwa anakwenda kwa sababu ya kichwa, pengine hata hakuandikishwa. Akamshika mkono, akasema nisamehe mke wangu, mama nitamnyamazisha mimi mwenyewe.

Mimi nilishukuru kimoyomoyo. Nilidhani zahanati walikosea, nilidhani ni bahati.

"Ila nilipokuwa nakutafuta wewe," akasema shemeji, "nikamkuta huyu."

Akaigeuza kompyuta kunielekea. Akanisomea yeye, kwa sababu alijua nitachelewa. Jina langu. La baba. La babu. Tarehe yangu ya kuzaliwa. Sindano ya kuzuia mimba, mara saba, kila miezi mitatu, ya mwisho mwezi uliopita.

Tarehe ile haijulikani na mtu hapa mjini. Iko mahali pamoja tu, kwenye cheti changu. Na cheti changu kiko kwenye droo ya dada, tangu siku ile aliyotoka kuniandikisha darasa la jioni akarudi kusema nafasi zimejaa.

Sasa nikalielewa swali lake. Atatafuta jina gani.

"Msichana hana mume, hana mchumba, hasemi na mtu," shemeji alisema. "Miaka miwili anachoma sindano ndani ya nyumba yangu. Ni nani huyo mwanamume? Unakutana naye wapi, humo kwenye vyuma vyenu?"

Nilimtazama dada nikamngoja. Nilijua atasema. Ni dada yangu, tumbo moja, ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipofariki.

Dada akainua uso.

"Mimi nilikuwa namshuku siku nyingi," akasema.

Alisema hivyo kwa mume wake, hakusema kwangu. Na chini ya meza mkono wake ukanishika goti, kucha zikazama kwenye nyama. Sikujua ananibembeleza au ananitisha. Labda hata yeye hakujua.

Shemeji akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati safi, akatoa simu. Kioo kilikuwa cha simu moja, mgongo wa nyingine, kitufe cha pembeni cha rangi ya tatu. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyoiota.

"Mimi nikiahidi natimiza," akasema. "Nimeimaliza leo. Na namba ya kwanza nimekuwekea mwenyewe."

Akabonyeza, akailaza mezani, sauti juu. Ikaita mara moja, mara mbili. Huko nyumbani baba huiweka simu yake dirishani penye mtandao, na hufika kwake kwa mwendo wa magongo. Ikaita mpaka nikaomba isipokelewe.

"Halo," baba akasema, akihema. "Namba hii siijui. Nani mwenzangu?"

Shemeji akaisukuma simu kwangu kwa kidole. Dada akazidisha kucha.

Kama nikinyamaza, kesho napandishwa basi na jina la uhuni, na baba atayabeba hayo mpaka kaburini. Kama nikisema, dada analala nje leo hii, na mimi ndiye niliyemletea mume wake kisu, nikakiwekea na mpini.

"Nani?" baba akauliza tena.

"Ni mwanao wa mwisho, baba," nikasema, na sauti iliyotoka ilikuwa kubwa, sikuijua. "Kaa chini kwanza. Nina jambo la kukuambia, na shemeji yuko hapa anasikia."

Chini ya meza, dada akaniachia goti.